Filsan Haulizwi Habari

Bango lilisimama kwenye njia ya kwenda soko la mifugo, kubwa kama ubavu wa lori, na hakuna mtu wa Garissa aliyeweza kwenda kununua mbuzi bila kulipita. Juu yake alikuwa Nunow. Ndevu zimetiwa hina, kofia imekaa sawa, simu mkononi, na macho ameikodolea simu hiyo kama mtoto aliyepewa pipi. Chini yake kulikuwa na maneno manene: NILIKUWA NABAHATISHA. SASA NAJUA. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo mtu hazisomi asiposimama, paliandikwa: Simulizi na Filsan Nunow.

Binti yake mwenyewe. Mji mzima ulisoma, na wasiojua kusoma walisomewa.

Mtu asiyewajua wafugaji wa Hadado atauliza ubaya uko wapi hapo. Mzee kashika simu, kapigwa picha, kaonekana. Haya, ubaya wake ndio huu. Kabla ukame haujamleta Garissa na mke na binti na vyombo visivyojaza hata nusu ya pikapu, Nunow alikuwa sahan. Sahan ndiye anayetumwa mbele ya mifugo kwenda kutazama majani na maji, kisha anarudi kusema alichokiona. Watu wakishamsikia wanabomoa nyumba, wanapakia ngamia, wanawapandisha watoto na wagonjwa, wanakwenda. Akisema kitu ambacho hakukiona, wanyama wanakufa njiani, na baada ya wanyama watu. Kwa hiyo mtu wa kubahatisha hatumwi. Ukimwambia sahan kwamba alikuwa akibahatisha, umemwambia kwamba aliwaua watu wake kwa uvivu wa kutembea. Na bango lile halikumvuta Nunow pembeni likamwambia kwa siri. Lilimwambia mbele ya soko, kwa rangi nne.

Aliyeliweka ni shirika moja lenye jina refu na neno matumaini katikati yake, ofisi yenye baridi kuliko bucha, na mradi wa kuwatumia wafugaji ujumbe wa simu kuhusu mvua. Shirika lilitaka mzee mwenye ndevu nzuri. Likampata. Likataka mwandishi kijana, na ikiwezekana msichana, maana msichana anapendeza kwenye ripoti. Likampata nyumba hiyo hiyo. Na maneno yale yale ya bango likayatia kwenye video fupi ya kurushwa kwenye simu.

*

Nyumba ya Nunow ilikuwa mtaa wa Iftin, vyumba viwili vya mabati na ua wenye mti mmoja wa mwarobaini. Kulikuwa na desturi mle ndani iliyokuja nao kutoka Hadado bila kulipiwa nauli. Mtu akiingia kutoka popote, hata dukani kununua majani ya chai, anavua viatu, anapewa maji, na mzee anamwambia neno moja: "Warran." Yaani, toa habari. Na habari ina mpango wake. Unaanza na amani ya ulikotoka, halafu mvua na ardhi, halafu watu, halafu wanyama, na jambo zito linakuja mwisho. Uliloliona unasema nimeliona. Ulilolisikia unamtaja aliyekwambia. Usilolijua unasema silijui, na hakuna anayekucheka.

Mkewe Qali akirudi sokoni na madumu yake ya maziwa ya ngamia, aliulizwa. Mtoto wa jirani aliyetumwa kuazima kiberiti aliulizwa, akasimama wima kama askari akatoa habari za jikoni kwao. Filsan hakuulizwa. Tangu bango lisimamishwe alikuwa akiingia, anavua viatu, anasalimu, mzee anaitikia vizuri tu, anamwombea dua, anakula chakula alichopika na kusema alhamdulillahi. Kisha kimya. Hakumfokea hata siku moja. Angefoka ingekuwa afadhali, maana kelele mtu anaweza kuzijibu.

Na tangu siku hizo Filsan hakuandika tena.

Huyu ni msichana aliyekuwa akiandika tangu darasa la sita, kwenye karatasi za kufungia sukari kama hakuna kingine. Shuleni walimu walimwazima kwa madarasa mengine asome insha zake. Redio moja ya hapa mjini ilisoma hadithi yake mchana wa Ijumaa na Qali akafunga biashara asikilize, ingawa Kiswahili cha hadithi kilimpita mbio. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, anakaa mbele ya ukurasa mtupu, anaandika neno moja, analitazama, analifuta. Kila neno lilionekana kama la mtu mwingine aliyekaa mahali fulani akisubiri kulirekebisha.

Rafiki yake Sadia, mwenye kibanda cha kutengeneza simu kule Waberi, alimtafutia dawa mtandaoni.

"Niskize," Sadia alisema, akisoma huku akifungua simu ya mteja kwa bisibisi. "Wanasema uandike dakika kumi kila asubuhi, hata kama ni upuzi. Wanasema uende matembezi."

"Matembezi wapi?"

"Sijui. Kwa miti."

"Na jua hili."

"Wanasema pia ubadilishe mazingira. Uende kafe, uagize kahawa, utazame watu." Sadia aliinua macho. "Manze, hawa watu wanaishi wapi?"

Walicheka wote wawili, lakini Filsan alijaribu. Aliandika upuzi dakika kumi na upuzi ukabaki upuzi. Alitembea, na miguu ikampeleka kwenye njia ya soko, akajikuta chini ya bango. Wanaume wawili waliokuwa wakifunga mbuzi kwenye pikipiki walimtazama yeye, wakatazama juu, wakatazamana. Mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Ndiye huyu." Filsan akageuka akarudi nyumbani.

Watu wanaosema mwandishi amekwama kwa sababu hana mawazo wanisamehe, hawajui wanachosema. Mawazo alikuwa nayo tele. Alichokosa ni uso wa kuyatazama.

Maana ile kazi ya kwanza ilikwenda hivi. Kadar, afisa wa shirika, kijana wa hapa hapa mwenye kizibao cha mifuko mingi isiyo na kitu ndani, alimletea maswali ya kumuuliza baba yake. Changamoto zako zilikuwa zipi? Mradi umekusaidiaje? Sasa unajisikiaje? Filsan wakati wa ukame alikuwa shule ya bweni, hakuyaona mambo kwa macho. Aliuliza yale maswali, mzee akajibu kwa adabu na kwa ufupi, naye binti akayaandika majibu vizuri. Kadar akayachukua. Baada ya siku chache akamrudishia kwenye simu "toleo lililonyooshwa", amwambie kama ni sawa. Filsan alikuwa akikaanga sambusa. Alisukuma kwa kidole gumba mpaka chini, akaona jina lake, moyo ukampasuka kwa furaha, akamjibu kwa kidole cha sawa. Hayo maneno ya kubahatisha yalikuwa juu. Aliyapita bila kuyasoma.

*

Kadar alikuja Jumatatu baada ya sala ya alasiri. Alivua viatu mlangoni, akamshika Nunow mkono kwa mikono miwili, akamwita adeer, baba mdogo, kwa heshima zote. Heshima ni rahisi, haitoki kwenye bajeti. Qali alimwekea chai ya maziwa na mzee akamwambia, kama anavyomwambia kila aingiaye, "Warran."

"Habari njema tu, adeer," Kadar alisema, akaruka amani na mvua na watu na wanyama. "Mkurugenzi wetu anakuja Jumamosi kutoka Nairobi. Na mpiga picha za video. Tunafanya sehemu ya pili. Mwaka mmoja baadaye."

"Mwaka mmoja baada ya nini?" Nunow aliuliza.

"Baada ya mradi kubadilisha maisha yako."

Mzee alikunywa chai. Qali, aliyekuwa akisuuza madumu, aliacha kusuuza.

"Filsan ataandika," Kadar aliendelea. "Kitu kifupi. Machozi kidogo mwanzoni, matumaini mengi mwishoni. Ataisoma mwenyewe hapa uani, mbele ya kamera, na wewe adeer utakaa kando yake na simu. Na nikwambie ukweli, ofisi inatafuta afisa wa simulizi. Nafasi ya kudumu. Nimelitaja jina lake."

"Mwandishi ni yeye," mzee alisema. "Muulizeni yeye."

Hakumtazama binti yake alipokuwa akisema hivyo. Filsan alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono ina unga.

"Na nisipoandika?" aliuliza.

Kadar alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya wa kwenye hadithi, mwenye macho mekundu. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye ripoti ya kupeleka, na hao ndio wanaotumaliza. "Usipoandika tutaandika sisi, walaal," alisema, akimwita dada. "Jina lako tayari lipo kwenye mradi. Hatuwezi kuanza na mwandishi mwingine katikati."

Alipoondoka, chai aliibakisha nusu.

"Usikubali," Qali alisema.

"Nisipokubali wataandika wenyewe, hooyo. Umemsikia. Mwaka jana aliandika baba anabahatisha. Mwaka huu ataandika nini?"

Qali akarudi kwenye madumu yake. Nyuma yake, ukutani, lilinguruma friji la kulala, lile refu la kuhifadhia maziwa, kitu cha maana kuliko vyote mle ndani. Ujira wa ile simulizi ya kwanza ndio ulioanza kulilipia. Kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

*

Siku tatu Filsan alikaa chini ya mwarobaini na daftari. Aliandika: "Baba yangu ni shujaa." Akafuta. Aliandika: "Jua lilikuwa likiwaka Hadado." Akafuta, maana lini jua la Hadado lilikuwa haliwaki? Aliandika vitusi vitatu vya kumtukana Kadar, vikampendeza, akavifuta vile vile.

Alhamisi mchana akaingia Yarrow. Yarrow ni mtoto wa ndugu yake Nunow, bado anafuga Hadado, na alikuwa ameshuka na lori la mbuzi sokoni. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alivua viatu, akapewa maji, akaketi kwenye mkeka, na Filsan akaingia chumba cha ndani nyuma ya pazia, kama ilivyo adabu.

"Warran," mzee alisema.

"Nimetoka Hadado. Nimeacha amani," Yarrow alianza. "Mvua haijanyesha. Ardhi nimeiona kwa macho mpaka barabara kuu, ni nyeupe. Watu ni wazima. Mke wa Abdikarim amejifungua mtoto wa kike. Ngamia wamepungua maziwa. Mbuzi niliowaleta ni wale walioweza kusimama."

"Alhamdulillahi. Endelea."

Yarrow alikuwa amefika kwenye jambo zito, na alichelewa kidogo kulitoa.

"Kambi inataka kuhama. Wazee walikaa. Jina lako lilitajwa, adeer, upandishwe uje uende sahan kama zamani. Lakini ile video ipo kwenye simu za vijana wote. Ile ya kubahatisha. Mmoja aliicheza pale pale kwenye kikao. Wazee wakasema, mtu mwenyewe amekiri kwa kinywa cha binti yake. Wamemtuma Shuaib."

Nyuma ya pazia Filsan alikaa chini.

"Shuaib ana miguu mizuri," Nunow alisema. "Mwambie aanze na upande wa visima vya zamani. Asiamini kijani cha mbali, akiguse."

"Nitamwambia."

"Wewe uliwaambia nini kwenye kikao?"

"Niliwaambia silijui," Yarrow alisema, kichwa chini. "Mimi mwaka ule nilikuwa Mandera na ng'ombe za watu. Sikuona."

"Ulisema vizuri," mzee akamwambia, na kwa kweli alimaanisha.

Yarrow alikwenda kuswali. Nunow alibaki kwenye mkeka, anasafisha kwa mswaki wa mti jino ambalo tayari lilikuwa safi. Filsan alitoka nyuma ya pazia. Hakuketi mahali pake, karibu na jiko. Aliketi mbele ya baba yake, palepale anapoketi mwenye kuuliza, na daftari hakulichukua.

"Aabo," alisema. "Warran."

Mzee alishtuka. Watoto hawawaulizi wazee hivyo. Lakini mtu akiulizwa habari hana ruhusa ya kunyamaza, akiwa mzee au mtoto, hata muulizaji awe adui. Akaweka mswaki chini.

"Ya lini?"

"Ya mwaka ule."

"Nilitoka Hadado na ngamia mmoja," Nunow alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Niliacha amani. Nilifika Buur Dheer, nilikotumwa kutazama. Mvua sikuiona. Nyasi nilizoziona ni za mwaka wa nyuma yake, nilizing'oa kwa vidole viwili zikaja na mizizi. Kisima kilikuwa na tope, na ndani ya tope kulikuwa na punda amekufa. Watu sikuwakuta. Nikarudi nikawaambia, msihame."

"Wakahama."

"Ngoja, usiharakishe habari. Siku niliyorudi lilikuja gari la ofisi na kipaza sauti. Likasema ujumbe umeingia kwenye simu, mvua inanyesha Buur Dheer. Vijana wakatazama simu, wakanitazama mimi. Mimi nina vumbi, simu haina vumbi. Wakaamini simu."

"Na wewe ukakaa?"

"Niwaache waende peke yao?" Mzee alionekana kulishangaa swali lenyewe. "Niliwafuata. Kwa kuwa nilijua, nilipakia maji badala ya vyombo. Watoto walifika wote. Wanyama ulikuja ukaona mwenyewe kilichobaki."

Filsan aliona. Alirudi kutoka shule akakuta zizi la miiba na ndani yake upepo.

"Nani alishika kipaza sauti?"

"Kadar."

Nje mtu alipita akipiga honi ya pikipiki. Filsan alisubiri ipite.

"Amekunywa chai hapa, aabo. Amekaa kwenye mkeka huu. Mbona hukusema hata siku moja?"

"Nani aliniuliza?" Nunow alisema. "Mliniuliza najisikiaje."

Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote aliyowahi kumwambia binti yake, na aliyasema taratibu, kisha akainuka akaenda kutawadha.

Filsan alichukua daftari. Wale wa dakika kumi na kahawa watanisamehe tena, hakukuwa na miujiza, wala mkono haukukimbia wenyewe. Aliandika polepole, kwa mpango aliofundishwa na nyumba ile tangu hajajua kutembea: amani, mvua, ardhi, watu, wanyama, jambo zito. Alipofika mahali asipopajua, hakupapamba. Aliandika "hili silijui" akaendelea. Mama yake alipita mara mbili na ndoo hakumsemesha. Adhana ya magharibi ilimkuta kwenye mstari wa mwisho.

*

Jumamosi walikuja na magari mawili meupe. Majirani walijaa kwenye uzio wa miiba. Yarrow, ambaye lori lake lilikuwa linaondoka jioni, aliketi chini ya mwarobaini na kamba ya mbuzi mkononi, mbuzi wenyewe wakiwa wameshauzwa.

Mkurugenzi alikuwa mama mtu mzima wa Nairobi, mpole, mwenye mtandio aliouvaa kwa heshima ya mahali na uliokuwa ukimponyoka kila saa. Kadar alimwita Madamu. Alimsalimia Qali kwa mikono miwili na kusema nyumba ni nzuri. Wakati huo huo Kadar na mpiga picha walikuwa wakiishughulikia nyumba hiyo nzuri isionekane nzuri. Waliondoa viti vya plastiki. Walimwomba Nunow avue saa. Kisha mpiga picha akachungulia kwenye kamera na kusema kuna kitu cheupe kinaonekana mlangoni.

"Ni friji," Kadar alisema, akamgeukia Qali kama shangazi yake. "Eeddo Qali, naomba shuka tulifunike."

"Mlifunike kwa nini?"

"Kwa ajili ya picha tu. Watu wa nje wakiona friji wanauliza maswali."

Qali alimtazama, akaenda akaleta shuka. Mgeni ni mgeni. Walilifunika friji kama maiti na likaendelea kunguruma chini ya shuka.

Nunow walimketisha kwenye mkeka na kumpa simu, si yake, nyingine mpya inayong'aa zaidi. "Itazame, adeer. Tabasamu kidogo, kama kuna mvua imetajwa humo." Mzee aliishika. Hakutabasamu. Filsan alisimama kando yake na daftari, na Kadar akamnong'oneza kwamba asiwe na wasiwasi, akikosea watarudia.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Filsan alisoma.

"Nimetoka nyumba ya Nunow, mtaa wa Iftin. Kuna amani. Mvua hakuna. Habari niliyo nayo ni ya mwaka wa ukame mkubwa, sikuiona kwa macho yangu, nimeipata kwa aliyeiona. Nunow alitumwa sahan Buur Dheer. Alikwenda. Alikuta nyasi zinazong'oka kwa vidole viwili na kisima chenye punda aliyekufa. Alirudi akasema msihame. Hakubahatisha. Siku hiyo hiyo gari la ofisi lilifika na kipaza sauti, likatangaza kwamba simu zinasema Buur Dheer kunanyesha. Hakukuwa kukinyesha. Nani aliandika ujumbe ule, hilo silijui. Nani alishika kipaza sauti, hilo nalijua, yupo hapa uani. Watu walihama kwa habari ambayo hakuna mtu aliyeiona. Nunow aliwafuata akijua, akabeba maji, na watoto wote walifika hai. Wanyama walikufa, na wa kwake wamo. Baada ya hapo ofisi ilikuja kwake ikampiga picha, ikaandika kwamba aliyekuwa akibahatisha ni yeye. Nilisaidia kuandika. Nililetewa maneno hayo niyasome, nikatazama jina langu tu, nikasema sawa. Haikuwa sawa. Hiyo ndiyo habari niliyo nayo."

Kadar alikuwa akimpungia mpiga picha mkono azime, na mpiga picha, ambaye alikuja Garissa jana tu na hakujua ugomvi ni wa nani, alikuwa akimwangalia Madamu.

"Kadar," Madamu alisema. "Ni wewe?"

"Ujumbe ulitoka makao makuu, Madamu. Mimi nilisoma nilichotumiwa."

Na makao makuu ni Madamu mwenyewe. Alirekebisha mtandio. Alielewa kila neno, na tusidanganyane, hakuna aliyemtafsiria vibaya. Alimshika Filsan begani, macho yamelowa kweli kweli.

"Nzuri sana," alisema. "Ina hisia. Una kipaji, binti. Tutaikata kidogo hapa katikati, halafu itakuwa nzuri kabisa."

Filsan alimtazama usoni. Miezi yote ile alikuwa akimwogopa mtu huyu bila kumjua, mtu wa mahali fulani anayesubiri kurekebisha maneno. Sasa alikuwa mbele yake, ana mkono laini na marashi ya gharama, na anamsifu.

"Mkikata, toeni jina langu," alisema. "Na toeni uso wa baba yangu pale barabarani."

"Bango limelipiwa mpaka mwisho wa mwaka, mpenzi," Madamu alisema kwa huruma.

Nunow aliiweka ile simu chini kwenye mkeka wa wageni, taratibu, kifudifudi. Naye Qali akatembea mpaka mlangoni akavuta shuka lote likaanguka.

"Hili limetoka kwenye hadithi yenu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akilipiga friji kofi. "Bica hii. Biga bica na hii."

Hakuna aliyelipiga picha. Walikuwa wakikunja nyaya. Kadar alipokuwa akipita karibu na Filsan alimwambia kwa Kisomali, chini chini, kwamba hakuna ofisi hapa mjini itakayompa kazi tena, na huenda alikuwa anasema kweli. Madamu alipofika kwenye lango, Yarrow alisimama na kamba yake.

"Madamu, hii yako kata," alimwambia. "Ile mimi nimesikia hapana kata. Mimi iko kwenda Hadado leo, nabeba yote."

Madamu alimshukuru na kupanda gari.

*

Magari yaliondoka, majirani wakatawanyika, na Yarrow akaaga akaenda kulipanda lori lake. Bango lilikuwa bado limesimama kule barabarani na lingesimama mpaka mwisho wa mwaka. Kazi ya kudumu ilikuwa imekwenda. Filsan alikusanya vikombe vya wageni, akavipeleka nyuma kwenye beseni, akaviosha kimoja kimoja, akivisugua kuliko ilivyohitajika.

Alipomaliza alirudi ndani. Baba yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, saa yake ameivaa tena. Alikuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliona kila alichokiona yeye, alisikia kila alichokisikia, kwa karibu zaidi.

Filsan alivua viatu. Qali akampa maji.

"Warran," mzee alisema.

Bilauri ilibaki mkononi hajainywa. Alitazama kama kuna mtu mwingine aliyeingia nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Nimetoka hapa uani," alianza, akaiweka bilauri chini, akaanza upya. "Nimetoka hapa uani. Nimeacha amani. Mvua sijaiona."

"Keti," Nunow akamwambia, akasogea kidogo kumpa nafasi. "Endelea."